Sarafu ya hela 20 iliyopigwa Tabora mwaka 1916 ina nyuso za rangi mbili: je, ni sarafu ya tabaka?

Mjukuu wa Isevya (Tabora)

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu nyote. Ninayo sarafu moja ambayo marehemu babu aliihifadhi katika kikopo cha tumbaku kwa miaka mingi, na alipofariki bibi akanikabidhi mimi, kwa kuwa ndiye niliyekuwa nikimsumbua babu kila likizo ili anionyeshe. Upana wake ni kama milimita 29. Upande mmoja una taji, chini yake herufi DOA (Deutsch-Ostafrika, yaani Afrika Mashariki ya Wajerumani), mwaka 1916 na herufi T. Upande wa pili umeandikwa 20 HELLER juu ya matawi mawili. Kwa wasiojua, hiyo ndiyo hela yenyewe, ile ambayo hadi leo tunaitaja tunapouliza kama mtu ana hela mfukoni.

Kinachonitatiza ni rangi. Upande wa taji ni wa njano kama bomba la shaba ya njano, lakini upande wa thamani una wekundu unaofanana na waya wa umeme uliomenywa. Wiki iliyopita alikuja mnunuzi wa vitu vya kale, akaitazama, akasema ni bandia ya kuchovya na kwamba angenisaidia tu kwa kunipa bei ya chuma chakavu. Nilipoirudisha kwenye kikopo akabadili maneno papo hapo, akasema huenda ni sarafu ya majaribio, iliyotengenezwa kwa matabaka mawili ya madini, na bei ikapanda mara ishirini kabla hajamaliza chai yake. Mtu mwenye kauli mbili katika kikao kimoja simwamini, lakini nami sina elimu ya kumpinga.

Nimesoma kwamba Wamarekani walitengeneza sarafu za matabaka katika miaka ya 1960, na kwamba nyingine hutoka kiwandani zikiwa zimekosa tabaka la upande mmoja, hivyo upande huo huonekana mwekundu. Maelezo hayo yanafanana mno na sarafu yangu. Naomba kujua: je, hapa Tabora waliwahi kutengeneza visahani vya matabaka, yaani vile vipande vya duara kabla ya kupigwa chapa? Na mihuri ya chuma ya kupigia chapa ilitengenezwaje katika mji ambao haukuwa na kiwanda cha fedha? Nauliza hili la pili kwa sababu baba mdogo anayo sarafu kama yangu, ya mwaka uleule, lakini taji lake ni kubwa zaidi na herufi L zake zina ncha zilizojikunja, ilhali zangu zimechongoka.

Mwalimu wa Cheyo (Tabora)

Ndugu Mjukuu, nitagusa historia peke yake, mambo ya chuma niwaachie mafundi.

Kabla ya vita, sarafu za koloni la Wajerumani zilipigwa Ujerumani na kuletwa kwa meli; zile zenye herufi A zilitoka Berlin na zenye J zilitoka Hamburg. Vita vilipoanza mwaka 1914 na manowari za Waingereza zikaziba pwani, sarafu zikakoma kuja, wakati ambapo serikali ilihitaji malipo mengi kuliko wakati wowote: askari, wapagazi, wauza nafaka na ng'ombe. Walichapisha noti za muda, nyingine kwenye karatasi duni kabisa, lakini mtu aliyebeba mzigo siku nyingi porini hakuona sababu ya kupokea karatasi ambayo mvua moja ingeimaliza. Serikali ilipohamia Tabora, reli ya kati ilikuwa imekwisha kufika hapa tangu mwaka 1912 na Kigoma tangu mwaka 1914, na karakana ya reli ndiyo iliyokuwa na mashine, tanuri na mafundi. Herufi T kwenye sarafu yako ni ya mji huu.

Zilipigwa sarafu za hela 5 na hela 20, pamoja na ile mashuhuri ya dhahabu ya rupia 15 yenye tembo mbele ya mlima. Za hela 20 zilikuwa kama 1,600,000 za shaba ya njano na kama 300,000 za shaba nyekundu. Za dhahabu zilikuwa 16,198, kila moja ikiwa na gramu 7.168, kwa dhahabu ya sehemu 750 katika 1,000 iliyotoka mgodi wa Sekenke, huko Iramba. Rupia 15 zilikuwa sawa na marki 20. Mihuri ya sarafu hiyo ya dhahabu ilichongwa na sonara mwenye asili ya Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka. Kazi yote haikudumu hata mwaka mzima, kwa maana majeshi ya Wabelgiji yaliingia Tabora tarehe 19 Septemba 1916.

Zingatia basi kwamba shaba nyekundu na shaba ya njano zote mbili zilitumika, lakini kila moja kwa sarafu zake. Sijapata kuona mahali popote panapotajwa sarafu ya Tabora iliyounganisha zote mbili.

Fundi Mstaafu (Kigoma)

Mjukuu, nakusalimu, nawe Mwalimu asante kwa kufungua njia. Nimefanya kazi ya ufundi mitambo zaidi ya miaka thelathini, nusu yake kwenye reli na nusu hapa bandarini, na nimechonga mihuri ya kugonga namba kwenye vipuri kwa mkono wangu mwenyewe. Nitaeleza kwanza jinsi viwanda vikubwa vilivyofanya, kisha tutazame karakana ya Tabora, kwa sababu tofauti ya herufi L unayoiuliza imo katikati ya mambo hayo mawili.

Katika kiwanda kikubwa cha fedha cha wakati ule, mchongaji hakuanza na chuma. Alitengeneza kielelezo kikubwa cha plasta, pengine kipana kama sinia, kilichoonyesha sura ya sarafu jinsi itakavyokuwa. Kielelezo hicho kilinakiliwa kwa madini ili kiwe kigumu, kisha kikafungwa kwenye mashine ya kukereza na kupunguza. Mashine iliyotumika sana ni ya Janvier wa Paris, iliyoenea duniani tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Upande mmoja wa mashine kulikuwa na kidole cha chuma kilichopapasa kielelezo polepole kuanzia katikati kwenda pembeni, na upande wa pili kulikuwa na kisu kinachozunguka, kilichochonga sura ileile juu ya chuma cha pua kwa kipimo kidogo cha sarafu yenyewe. Kazi hiyo ilichukua saa nyingi, wakati mwingine siku nzima na zaidi, na ikitikiswa kidogo inaharibika.

Kilichotoka hapo si muhuri wa kupigia. Ni chuma mama, ambacho picha yake imeinuka kama ilivyoinuka kwenye sarafu. Chuma mama kilitiwa ugumu, kikakandamizwa kwa shinikizo kubwa juu ya chuma kingine kilicholainishwa, na hicho kikapokea picha iliyobonyea. Kwa kawaida mkandamizo mmoja haukutosha, kwa sababu chuma kikikandamizwa hukakamaa na kukataa kuingia zaidi. Kilirudishwa motoni, kikalainishwa, kikakandamizwa tena. Kutoka muhuri huo mkuu walizalisha chuma kingine chenye picha iliyoinuka, na kutoka hicho wakazalisha mihuri ya kazi kwa makumi na mamia. Kwa njia hiyo mihuri yote ni mapacha. Chukua sarafu mia moja za shilingi moja za mwaka 1966, zile zenye mkono ulioshika Mwenge, uzitazame kwa kioo cha kukuzia: huwezi kuona mkono ulioshika Mwenge kwa namna nyingine.

Sasa njoo Tabora mwaka 1916. Mashine ya Janvier haipo, na hakuna wa kuileta. Aliyepo ni sonara mwenye tindo ndogo, tupa, kioo na jicho zuri, na karakana yenye chuma cha pua cha zana. Muhuri wa namna hiyo unachongwa moja kwa moja na kinyume, kama unavyojiona kwenye kioo. Kinachotakiwa kuinuka kwenye sarafu unakichimba, na herufi unaziandika kutoka kulia kwenda kushoto. Mchongaji akiwa na nyundo ndogo za herufi, yaani vijiti vya chuma vyenye herufi kwenye ncha, huzigonga moja moja, la sivyo huchonga kila herufi kwa mkono. Akimaliza hupasha muhuri moto hadi uwe mwekundu kama cheri iliyoiva, yapata nyuzi 800, kisha huuzamisha kwenye mafuta au maji. Hapo unakuwa mgumu kama kioo, na kama kioo utapasuka kwa pigo la kwanza usipoupasha tena moto mdogo hadi uso uliosuguliwa ugeuke rangi ya majani makavu. Hatua hiyo ndogo ndiyo iliyonivunjia mihuri mingi nikiwa kijana, kwa haraka zangu tu.

Muhuri kama huo ukipasuka au ukichakaa, hakuna pacha wake kabatini. Mchongaji anaanza upya, na mkono wa binadamu haurudii kitu kile kile mara mbili. Ndiyo maana watoza sarafu wanatofautisha katika hela 20 za Tabora taji kubwa na taji dogo, na kwa upande wa thamani wanatofautisha ncha za L: zilizochongoka, na zilizojikunja kwenye L moja au kwenye zote mbili. Hata ile ya dhahabu ina sura mbili, kulingana na mahali pambo la chini linapoishia, chini ya T au chini ya A katika neno OSTAFRIKA. Kwa hiyo sarafu yako na ya baba yako mdogo zote zinaweza kuwa halali. Kwa maoni yangu, sarafu za Tabora ambazo zote zingefanana kabisa ndizo ningezishuku.

Kuhusu visahani, shaba ya njano ilitoka kwenye maganda ya risasi na ya mizinga yaliyokwisha kutumika. Ganda hupasuliwa, hunyooshwa, hupitishwa kwenye rola hadi unene utakiwao, na kila baada ya kupitishwa mara chache hurudishwa motoni, maana shaba ya njano hukakamaa upesi na kuanza kupata nyufa pembeni. Halafu huchomolewa duara kwa panchi. Ukiona sarafu za Tabora zinatofautiana unene na uzito, usishangae. Waliofanya kazi ile walikuwa wakitazama saa na masikio yao yakisikiliza habari za majeshi yanayokuja.

Sonara wa Ng'ambo (Tabora)

Nimefurahi kuona Mzee wa Kigoma amelipa fani yetu heshima yake. Niseme kuhusu matabaka, kwa sababu hapo ndipo mnunuzi wako alipojaribu kukuchanganya, naye amechanganya mambo mawili ambayo sisi masonara tunayatofautisha kila siku: kuchovya na kuunganisha tabaka.

Katika kuchovya, kisahani hukatwa kwanza kikiwa tupu, kisha huzamishwa katika maji yenye chumvi za madini na kupitishiwa umeme, hadi madini ya juu yaufunike mwili wote pamoja na ukingo. Sarafu zetu za sasa za shilingi 50, 100 na 500 ni za namna hiyo, chuma cha pua kilichofunikwa, ndiyo maana zinanaswa na sumaku. Ile ya shilingi 200 yenye simba hainaswi, kwa kuwa ni mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki hadi ndani.

Katika tabaka, bamba kubwa huunganishwa kwanza na ndipo visahani vikachomolewa humo, kwa hiyo ukingo unabaki wazi na kuonyesha kilichomo katikati, kama mkate uliopakwa siagi ukaukata. Hizo ndizo za Wamarekani. Madini ya fedha yalikuwa yamepanda bei na kuadimika, na wakahofia watu kuziyeyusha sarafu zao zilizokuwa na fedha sehemu 90 katika 100. Kazi ya kutafuta mbadala ilipewa taasisi ya utafiti ya Battelle, ya Columbus, Ohio, na sheria ikatiwa saini tarehe 23 Julai 1965. Tatizo kubwa lilikuwa mashine za kuuzia soda na sigara, ambazo zilitambua sarafu kwa uzito na kwa jinsi inavyopitisha umeme. Mchanganyiko wa shaba na nikeli peke yake hupitisha umeme vibaya, mashine zingeukataa. Lakini ukiweka shaba tupu katikati na tabaka la mchanganyiko huo juu na chini, mashine hudanganyika vizuri. Sarafu yao ya robo dola ikabaki na upana wa milimita 24.26 lakini uzito ukashuka hadi gramu 5.67, na ukingo wake una mstari mwekundu ambao yeyote aliyepata kuishika anaukumbuka.

Kuunganisha matabaka hayo si kazi ya gundi wala lehemu. Nyuso za mabamba husuguliwa kwa brashi za waya hadi zisibaki na kutu wala mafuta hata kidogo, kisha hupitishwa pamoja kwenye rola zenye shinikizo kubwa mno, unene ukapungua kwa kiasi kikubwa kwa mpito mmoja, madini yakalazimika kushikana. Baadaye moto hukamilisha. Kampuni ya Texas Instruments ilifanya hivyo katika kiwanda chake cha Attleboro, Massachusetts. DuPont wao walitumia baruti: bamba moja liliwekwa juu ya jingine na nafasi ndogo katikati, baruti ikatandazwa juu na kulipuliwa kutoka upande mmoja, bamba la juu likaliangukia la chini kwa kasi ambayo iliyaunganisha moja kwa moja, ndipo yakaenda kwenye rola. Nikiwaza kwamba mtu alikaa akafikiri kutengeneza senti kwa baruti, nacheka peke yangu dukani.

Na kwa kuwa haikuruhusiwa majaribio yafanane na fedha halali, walichonga mihuri ya pekee yenye sura ya Martha Washington, mke wa rais wao wa kwanza, na mwaka 1759, ili kipande kikitoroka kiwandani kisije kikatumika dukani. Huyo mnunuzi wako angejua hilo, asingesema majaribio hovyo. Mtu akifanya jaribio la kisahani kipya, kwa kawaida huweka alama ya kulitambulisha. Sarafu yako ina alama zote za matumizi ya kawaida.

Tabora ya mwaka 1916 haikuwa na rola za nguvu hizo, na zaidi ya hayo haikuwa na sababu. Wamarekani waliweka tabaka ili kuficha madini rahisi ndani ya sura ya madini ghali. Shaba nyekundu na ya njano, nani angeficha ipi ndani ya ipi?

Wekundu wako nadhani naujua. Shaba ya njano ni shaba na zinki. Ikikaa kwenye kitu kichachu, zinki hutangulia kuliwa na kuondoka usoni, shaba ikabaki, na uso ukawa mwekundu au wa waridi. Nimeona mara nyingi bangili za njano zilizolazwa kwenye ndimu na wateja wakaniletea wakidhani nimewauzia feki. Tazama ukingo kwa kioo cha kukuzia mchana wa jua. Ukiona mstari unaogawa rangi mbili, nitakuwa nimekosea. Ila usithubutu kuipiga tupa ili uone ndani, utaiharibia thamani yake kwa kujibu swali la bure.

Mjukuu wa Isevya (Tabora)

Shikamooni wazee wangu, na asanteni sana. Nimeutazama ukingo leo adhuhuri kwa kioo nilichoazima kwa fundi saa. Ukingo wote ni wa njano, hakuna mstari wowote, isipokuwa kwamba wekundu wa upande wa thamani umepanda kidogo kwenye ukingo, kama milimita moja hivi, kisha unafifia wenyewe. Hilo linamaanisha nini? Pia sumaku haikuinasa.

Fundi Mstaafu (Kigoma)

Marahaba. Tabaka lingekatika kwa mstari ulionyooka kuzunguka ukingo wote, kwa maana bamba lina unene uleule kila mahali. Wekundu unaopanda milimita moja na kufifia ni alama ya kimiminika, kimeishia pale kilipofika. Muulize bibi yako.

Na ukitaka kuiuza siku moja, ipime kwanza gramu zake, uandike, upige picha pande zote mbili pamoja na ukingo. Ile ya dhahabu ndiyo inayoigwa zaidi, hivyo kama ukoo wenu una moja, usikubali itoke nje ya macho yenu.

Mjukuu wa Isevya (Tabora)

Nimemuuliza. Bibi amecheka hadi akakohoa. Anasema babu aliisafisha kila mkesha wa Idi, kwa kuilaza usiku kucha kwenye kisosi chenye ukwaju kidogo, siku zote taji likiwa juu, kwa sababu babu hakupenda kumlaza Kaisari wa Wajerumani, mwenye taji hilo, kifudifudi ndani ya ukwaju hata baada ya kumtukana mchana kutwa. Sarafu ya dhahabu hatuna. Ya baba mdogo haijawahi kuoshwa, na nimeomba aniazime Jumamosi ili nizipime zote mbili pamoja.